Jumanne Seva Ilipumzika

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika ufagio. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa sabuni kabla hajalisoma, habari yenyewe ni fupi na ya aibu, kwa hiyo naisema haraka.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni fundi wa kompyuta katika kiwanda cha kufuli. Mimi nilirudi kwao baada ya miaka arobaini ya kiguu na njia, nina begi moja na meno ishirini. Akanipa kochi la sebuleni, kisha akanitafutia kazi pale kiwandani, kwenye chumba chake cha seva. Kazi zangu zilikuwa tatu: kufagia, kumwaga ndoo ya maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, na kutogusa kitu kingine chochote.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonishinda.

Seva ndiyo inayobeba barua pepe za kiwanda kizima, watu arobaini na mmoja. Ghafla ikaanza kujaa. Ndani yake kuna mafaili yanayoitwa logi, na logi hizo zilikuwa zinazaliana kama kunguni kwenye kitanda cha gesti. Nikamwona mtoto wa watu hali vizuri, anakodolea kioo cha kompyuta macho mekundu. Nikasema ngoja nimsaidie. Alipotoka kwenda kunywa maji nikakalia kiti chake, nikazichagua logi zote, nikafuta. Nilifagia, kama nilivyoajiriwa.

Barua pepe zikafa siku mbili nzima.

Mkurugenzi akashuka, uso kama kufuli iliyoshika kutu. "Nani?" akauliza. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia, mpwa wangu akasema, "Ni mimi."

Na mimi, mwanamume mwenye ndevu nyeupe, nikatazama ndoo yangu.

Mkurugenzi akampa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, saa kumi jioni, aondoe ugonjwa wa seva. "Ikijaa tena, hicho kiti kitakaliwa na mwingine."

Basi. Sasa ni Ijumaa hiyo, saa mbili na nusu asubuhi.

*

"Mjomba, njoo uone. Bila kugusa."

Nikaenda, mikono nyuma kama mfungwa. Kwenye kioo palikuwa na namba. Ilikuwa mia moja na kumi. Nilipofuta miwani na kuivaa tena, ilikuwa mia moja na kumi na saba.

"Hayo ni mafaili ya logi ya leo peke yake," alisema. "Kwa mwendo huu, diski itajaa saa tisa. Ikijaa, seva inafunga duka."

"Na hizi logi zina kazi gani hasa? Maana mimi niliziona kama takataka."

Akanitazama mtazamo wa mama yake. Dada yangu alikuwa ananitazama hivyo tangu nikiwa na miaka sita.

"Mjomba, uliwahi kufanya kazi melini, si ndiyo?"

"Nilipaka grisi miaka miwili."

"Nahodha hakuwa na kitabu?"

Alikuwa nacho. Kabla ya kugeuza meli anaandika kwamba anageuza meli. Akitapika, anaandika ametapika na saa ngapi.

"Ndiyo hivyo hivyo. Seva haiweki barua kabatini kabla haijaiandika kwanza kwenye logi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inasoma logi, inajua iliishia wapi. Jioni tunachukua nakala ya akiba, na hapo logi za zamani zinafutwa zenyewe. Zenyewe, Mjomba."

"Nimesikia."

"Si kwa ufagio."

"Nimesikia, mama. Sasa kwa nini usinunue diski kubwa zaidi?"

"Bomba likivuja, dawa yake ni kununua ndoo kubwa?"

Sote wawili tukageuka tukatazama ndoo yangu chini ya kiyoyozi. Ilikuwa ya tatu mwaka huo, na kila moja kubwa kuliko iliyotangulia.

"Kuna mtu au kitu ndani ya jengo hili," akasema, "kinaiambia seva neno lile lile bila kuchoka, nayo inaandika, inaandika. Tukimpata huyo, tumepona."

*

Akaanza na wanaotuma barua nyingi kuliko wengine. Haikuchukua dakika kumi. Kati ya Stoo na Manunuzi zilikuwa zimepita barua elfu sita tangu Jumatatu.

"Elfu sita!" nikasema. "Wanapendana?"

"Soma."

Barua ya Stoo ilisema: *Asante kwa barua yako. Tumeipokea.* Ya Manunuzi ikajibu: *Asante kwa kutujulisha kwamba mmeipokea.* Stoo ikajibu: *Asante kwa barua yako. Tumeipokea.* Na kuendelea, mchana na usiku, hata wenyewe wakiwa majumbani kwao wamevua viatu.

Chanzo chake ni Mkurugenzi. Baada ya zile siku mbili za msiba wangu, Jumatatu alitoa amri mbili. Ya kwanza: hakuna barua itakayokaa bila kujibiwa. Kwa hiyo idara hizo mbili, zenye watu wavivu kuliko wote, ziliweka jibu linalojituma lenyewe. Ya pili: chochote atakachoandika yeye Mkurugenzi, kwa mtu yeyote, seva ikipeleke kwa wafanyakazi wote, ili asitokee wa kusema hakuambiwa. Mpwa wangu aliitekeleza siku hiyo hiyo, kwa maandishi na sahihi ya bosi. Tangu hapo wafanyakazi walimwita Nakala-kwa-Wote, kwa sauti ya chini.

Tukawaita wahusika. Akaja Mama Manunuzi, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na mtunza stoo, mwanamume mwembamba aliyening'iniza funguo sitini kiunoni na hajui hata moja inafungua nini.

"Zimeni hayo majibu," mpwa wangu akawaambia.

"Mimi sina neno," akasema mtunza stoo. "Aanze yeye."

"Nianze mimi? Nikiacha kujibu nionekane nina kiburi? Wewe ndiye uliyeanza kuniandikia, wewe ndiye umalize."

"Mama, mimi nikinyamaza na wewe ukaniandikia, Mkurugenzi ataona yangu ndiyo haijajibiwa."

"Basi endelea kunishukuru. Mume wangu mwenyewe hajanishukuru mara elfu tatu."

Nikaamua kutumia uzoefu. Niliwahi kuamua ugomvi wa madereva wawili waliokutana kwenye daraja la gari moja. "Nitahesabu," nikasema. "Moja, mbili, tatu, mnabonyeza pamoja, kila mtu kwenye simu yake."

Nikahesabu. Tatu ikafika. Hakubonyeza mtu. Kila mmoja alikuwa anachungulia kidole cha mwenzake.

Mpwa wangu akayazima yote mawili kutoka kwenye kiti chake.

Namba ikapunguza mwendo. Mama Manunuzi akapiga kigelegele, mtunza stoo akasalimiana na kila mtu kwa mkono kana kwamba ndiye aliyetuokoa, wakaondoka. Nikachemsha chai. Nilikuwa bado sijaweka sukari, mpwa wangu akasema:

"Bado."

Mia mbili na themanini. Mia mbili na themanini na mbili.

"Si tumeziba?"

"Tumeziba tundu dogo. Hawa wameanza Jumatatu. Ugonjwa wenyewe una wiki tatu, Mjomba. Nilijua si wao, nilitamani tu wawe wao."

*

Saa tano Mkurugenzi akashuka. Yeye habishi hodi. Na hata angetaka, kufuli ya mlango ule ni mbovu. Ndani ya kiwanda kizima cha kufuli hakuna mlango hata mmoja unaofunga sawasawa.

"Imefikia wapi?"

"Nimepata sababu moja, natafuta nyingine," mpwa wangu akasema, amesimama.

"Sitaki sababu. Sababu haifukuzwi kazi. Nataka jina."

"Ndiyo, mzee."

"Na kuna mteja anatuma michoro ya kufuli mpya leo. Mizito. Juzi imerudishwa, eti ni mikubwa mno. Mlango wa kupitisha barua uupanue. Kubwa yoyote ipite."

"Nitaubadilisha, lakini lazima niizime na kuiwasha huduma ya barua. Nitafanya saa nane, watu wakiwa chakulani."

"Fanya." Akanigeukia. "Na wewe mzee, ndoo inamwagika."

Kweli ilikuwa inamwagika.

Alipotoka, mpwa wangu akakaa akashika kichwa. Sikuwahi kumwona hivyo. Mtoto huyu alisomeshwa na mama yake kwa kushona sare za shule za watoto wa wengine. Nauli yake, kodi ya nyumba, dawa za presha za dada yangu na lile kochi ninalolalia, vyote vinasimama juu ya kiti kile cha magurudumu chenye mguu mmoja mbovu.

"Orodha yako ina watu wote?" nikamuuliza, ili niseme kitu.

"Arobaini."

"Si tuko arobaini na mmoja?"

"Sanduku la Mkurugenzi siligusi. Alikataza tangu nilipoajiriwa. Ni heshima tu, Mjomba, na haliwezi kuwa yeye. Ana simu mpya, nimeiunganisha mwenyewe."

Nikashika ufagio wangu. Mimi ni mtu wa kufuta nisichokijua, sina haki ya kumshauri mtu anayeacha asichokijua.

*

Akabadilisha njia. Akachora mstari wa wiki tatu, kila siku na saa zake, jinsi logi zilivyokuwa zinapanda. Akaugeuza kioo nami nione.

"Tazama. Ukiacha zile siku mbili ulizoiua, kila siku kinaanza saa mbili na robo asubuhi. Kinakoma saa kumi na moja jioni. Jumapili, hakuna kitu."

"Basi ni mtumishi mwaminifu. Anawahi kazini kuliko Mkurugenzi."

Akacheka kidogo, cheko lake la kwanza wiki hiyo. "Na wiki hii, Jumanne, tazama. Mstari umelala. Ni zile asante tu za Stoo na Manunuzi. Siku nzima seva ilipumzika. Jumanne kulikuwa na nini?"

"Sijui. Umeme ulikatika?"

"Ulikuwepo."

"Mkurugenzi alisafiri?"

"Alikuwepo, aligomba tangu asubuhi." Akainuka akaenda getini, akarudi na kitabu cha mahudhurio, akapitisha kidole kwenye Jumanne. "Stoo wapo. Manunuzi wapo. Karakana wote wapo. Ofisi ya mauzo wapo, hata yule anayeumwa kila Jumanne. Wote wapo. Asiyekuwepo ni mmoja tu..."

Kidole kikasimama.

"Jumanne mimi nilikwenda kung'olewa jino," nikasema, na nikacheka kwa nguvu, nikimwonyesha pengo. "Kumi na tisa sasa!"

Hakucheka.

"Mjomba. Unaingia hapa saa ngapi kila siku?"

"Saa mbili na..."

"Una nini mfukoni?"

Nikatoa kimoja kimoja, nikaweka mezani. Kitambaa. Bisibisi. Kipande cha mshumaa. Jino lenyewe, nililoomba nipewe. Ufunguo wa nyumba niliyopanga miaka kumi na moja iliyopita katika mji ambao sitarudi. Na simu.

"Hii si simu yako."

"Yangu ni ile ndogo iliyobaki nyumbani. Hii nimepewa na mtunza stoo, kwenye sanduku la vitu vibovu. Ilikuwa imezimika. Nikaichaji, ikafufuka. Natumia redio na tochi tu, mama, nakuapia."

"Lini?"

"Kama wiki..." Nikaanza kuhesabu kwa vidole. "Tatu."

"Mtandao wa ofisi uliingiaje? Nani alikupa neno la siri?"

"Sikuingia mimi. Ilijua njia yenyewe."

Akaichukua kama mtu anayeshika panya aliyekufa kwa mkia. Akaitafuta kwenye orodha yake ya watu arobaini, haimo. Akaisogelea seva, akafungua kile ambacho hakuwahi kukifungua tangu aajiriwe: orodha ya simu zilizounganishwa na sanduku la Mkurugenzi. Zilikuwa mbili. Ile mpya. Na ya zamani, aliyoitupa akisema imekufa.

Ya zamani ilikuwa imegonga mlango wa seva mara elfu nne tangu asubuhi.

Akaikata mtandao ile simu, kidole kimoja tu.

Namba kwenye kioo ikasimama. Tukangoja. Nikahesabu matone kumi na sita kwenye ndoo. Namba ilisimama vile vile, mia tano na tatu, haisogei.

"Ni mimi," nikasema. "Wiki nzima unatafuta mwizi, na mwizi anakumiminia chai."

"Si wewe, ni hiyo simu."

"Simu haina miguu. Kila asubuhi nimeibeba mimi mpaka hapa."

*

Saa nane watu walipokwenda kula, akaizima huduma ya barua na kuiwasha tena, mlango mpana sasa, kama alivyoagizwa. Kisha akafungua simu ile tuone ilikuwa inalilia nini siku zote hizo.

Kulikuwa na barua moja, haijatumwa. Imekaa pale miezi mitatu. Barua yenyewe mistari minne, lakini imebebeshwa video ya dakika kumi na moja, nzito kama kabati. Simu inajaribu kuituma, seva inapokea mpaka katikati, inaandika kwenye logi, inaona ni kubwa mno, inaikataa, na hiyo inaandika pia. Simu inaanza upya. Mara elfu nne kwa nusu siku. Mwenyewe alipoona inazunguka tu, alidhani simu imeharibika, akaitupa Stoo.

Kichwa cha barua kilisema: *Kiti cha yule binti.*

Mpwa wangu akasoma. Nikasoma juu ya bega lake, midomo ikitembea, maana mimi nilisomea shule sita na sikumaliza hata moja.

*Shemeji, nafasi ya fundi wa kompyuta ni yako. Nasubiri tu huyu binti afanye kosa moja la kuonekana, kisha namtoa bila maneno. Nimekuzungushia jengo lote kwenye video uone ofisi na watu. Usimwambie dada yako mpaka ikamilike.*

Chai yangu ilikuwa imepoa mkononi.

Kosa moja la kuonekana. Mkurugenzi alikaa anangoja miezi mitatu, binti hakosei. Aliyekuja kumletea kosa, limefagiwa vizuri na kuwekwa mezani, ni mjomba wake.

"Basi hata tukitengeneza..." nikasema.

"Hata tukitengeneza." Alikuwa ameshaweka simu chini. Sauti yake ilikuwa shwari, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Ifute hiyo barua, Mjomba. Bonyeza hapo penye *Futa*. Usiwashe mtandao kabla hujafuta. Mlango sasa ni mpana, itapita mara moja, na ikipita itakwenda kwa watu wote, ile amri yake ya Jumatatu bado inafanya kazi."

"Na saa kumi utamwambia nini?"

"Kwamba ilikuwa simu mbovu ya zamani. Nimeipata, nimeizima."

"Atataka jina."

"Jina ni lake."

"Utamtajia?"

"Nitasema simu mbovu. Basi."

"Atakutoa tu, mama. Amekwisha andika."

"Atanitoa. Lakini sitatoka hapa nikiwa mtu wa kufungua barua za watu na kuzitangaza. Miaka minne nimeshika funguo za barua zote za humu ndani. Sijasoma hata moja, mpaka hii. Futa."

Simu ya mezani ikalia. Mama Manunuzi, mashine yake ya kuchapa imemeza karatasi, aje mara moja. Mpwa wangu akachukua bisibisi yangu akaenda. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

*

Sasa nasema nisiyowahi kumwambia mtu.

Watu wa ukoo wetu wakisimulia habari hii husema mzee alikosea, macho mabovu, miwani ya kuokota, alitaka kufuta akabonyeza pengine. Nimewaacha waseme. Mpwa wangu mwenyewe amesema hivyo mbele za watu, kunisitiri.

Miwani nilikuwa nimeivaa. Nilikuwa nimeifuta vizuri kwa kitambaa. *Futa* nililiona, limeandikwa kwa wekundu.

Niliitazama video kwanza. Dakika mbili tu. Mkurugenzi anatembea, anapiga picha kwa siri, ananong'ona. Nikajiona mwenyewe humo, nimeinama, mgongo tu.

Nikawaza yale maneno yake, kwamba hatakuwa mtu wa kutangaza barua za watu. Ni maneno mazuri. Mtoto amelelewa. Lakini mimi sikulelewa naye, mimi nililelewa na stendi na bandari. Na tena, ile amri ya nakala kwa wote haikuwa yangu, na mlango haukupanuliwa na mimi. Kila kitu kilikuwa kimepangwa na mwenye barua. Ilibaki kidole.

Nikawasha mtandao. Nikabonyeza *Tuma tena*.

Simu ikazunguka. Kwenye kioo namba ikatikisika: mia tano na nne, mia tano na tano, mpaka mia tano na thelathini. Ikasimama. Nikavuta kiti chake, nikakaa. Mara ya pili maishani mwangu nilikuwa nimekikalia kiti kile, na mara zote mbili kwa uharibifu.

Mlio wa kwanza ulitoka Stoo. Ting.

Kisha Mauzo, miwili kwa pamoja. Kisha karakana, kisha getini, kisha milio ikaanguka jengo zima kama mvua ya mawe juu ya bati.

Watu wakafungua.

Halafu kutoka Manunuzi nikasikia sauti ya Mkurugenzi, inanong'ona ndani ya simu ya mtu aliyefungulia sauti yote: *Huyu mama analala akiwa macho, hata akikodoa hivyo ujue yuko usingizini.* Kicheko kikaanza kutikisa madirisha, kicheko cha mtu ambaye bado hajajua anachekwa yeye. Kikakatika ghafla. Kiti kikaburutwa.

Kutoka Stoo, sauti ile ile, mbele kidogo: *Huyu anaweza kuibiwa kiti alichokalia.*

"Nani? Mimi?" ilikuwa sauti ya mtunza stoo, na funguo sitini zikilia pamoja.

Mpwa wangu akaingia mbio, bisibisi mkononi, vidole vyeusi kwa wino. Akatazama kioo. Akatazama simu mezani, taa ya mtandao inawaka.

"Mjomba. Nilikwambia ufute."

"Uliniambia."

"Mjomba!"

"Hutasema wewe ndiye uliyefanya. Ulikuwa Manunuzi. Mashahidi unao, na wamekasirika."

Mlango ule usiofunga ukasukumwa, ukagonga ukuta.

Mkurugenzi alikuwa amesimama kizingitini, simu yake mpya mkononi. Hakujua bado jinsi ya kuizima. Sauti yake mwenyewe ilikuwa inaendelea kutoka kiganjani: *Na hapa ndipo utakapokaa, shemeji. Kiti kina mguu mbovu, tutabadilisha. Huo mgongo ni wa mzee wa ndoo, usimjali.*

Nyuma yake ukumbi ulikuwa unajaa. Mama Manunuzi amefunga mikono kifuani. Mtunza stoo. Watu wa karakana na mafuta yao mikononi. Matone yalikuwa yanaanguka kwenye ndoo iliyojaa.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro kumi.

Mkurugenzi akatazama mpwa wangu. Akatazama kile kiti, akaniona mimi ndani yake. Akauliza swali lile lile alilouliza wiki iliyopita, ila safari hii sauti haikumtoka vizuri.

"Nani?"

Mpwa wangu akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Nikamwahi.